William Cooper: Mzee wa Australia Aliyedai Haki ya Watu Wake na Asisahau ya Wengine

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu wote, ambaye ameiharamisha dhulma na akawaamrisha waja Wake uadilifu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, katika darsa zetu huwa tunataja habari za watu wa zamani ambao hawakuwa katika dini yetu lakini maisha yao yana mazingatio. Mmoja tuliyemtaja siku za karibuni ni William Cooper, mwenyeji wa asili wa Australia aliyefariki mwaka 1941. Baada ya darsa alitujia mzazi mmoja akiwa na dukuduku. Alitaka kujua kuna faida gani kwa mtoto wa Kiislamu kusomeshwa habari za Mkristo wa nchi ya mbali, na hasa mtu ambaye inasemekana alikwenda kuwatetea Mayahudi. Swali lake ni zito na halifai kujibiwa kwa kupuuza. Tumeona bora tuyaeleze maisha ya mzee huyu kwa utulivu, kisha tulijibu mwishoni, Insha Allah.

Nchi iliyodaiwa haina mwenyewe

Tarehe 26 Januari 1788, jahazi 11 za Waingereza zilizobeba wafungwa, askari na maofisa wao zilikuwa zimefika katika pwani ya mashariki ya Australia, na siku hiyo bendera ikapandishwa pale ulipo mji wa Sydney. Nchi ilikuwa na watu. Walikuwepo kwa makumi ya maelfu ya miaka, wakiwa na lugha mamia, mipaka inayojulikana, ndoa zenye taratibu na wazee wenye kuamua magomvi. Pamoja na hayo Waingereza waliiendesha ardhi ile kwa dhana kwamba haina mwenyewe, kwa kuwa hawakuona uzio, hati wala mashamba ya aina wanayoyajua wao. Hawakununua na hawakufunga mkataba wa kutambuliwa na serikali yao. Mwaka uliofuata ndui iliwaua wenyeji wengi wa eneo la Sydney, na katika miaka iliyofuata bunduki, njaa na maradhi vikasambaa pamoja na makundi ya kondoo.

Inafaa tukumbuke kwamba wageni hao hawakuwa wa kwanza. Huko kaskazini mwa Australia, kwa muda mrefu kabla ya walowezi kufika sehemu hizo, walikuwa wakienda mabaharia Waislamu kutoka Makassar, katika nchi tunayoiita leo Indonesia. Walifuata majongoo ya bahari, wakiyachemsha na kuyakausha ufukweni ili wayauze China. Walikuja na upepo wa msimu, wakafanya biashara na wenyeji, na upepo ulipogeuka wakarudi kwao. Ugomvi ulitokea mara nyengine, kwani binadamu ni binadamu, lakini hawakuitwaa ardhi. Safari zao zilikoma mwanzoni mwa karne ya 20, pale serikali ya kikoloni ilipoacha kuwapa leseni. Kwa hiyo inawezekana mtu akafika nchi ya mwenzake, akachuma riziki yake na akaondoka bila ya kumnyang'anya mwenyewe nyumba yake.

Mtoto wa mtoni

William Cooper alizaliwa karibu na mwaka 1861 kusini mashariki mwa nchi hiyo, katika ardhi ya watu wa Yorta Yorta, pale mito ya Murray na Goulburn inapokutana. Mama yake, Kitty, alikuwa mwenyeji wa asili, na baba yake alikuwa kibarua wa kizungu. Mto Murray watu wake huuita Dhungala. Kwao mto si maji tu. Katika imani ya wenyeji wa asili, mtu haimiliki ardhi bali yeye ndiye wa ardhi. Kila ukoo una amana ya mahali pake, una wanyama wanaofungamana nao, na una visa vya asili vinavyoeleza namna mto, mlima na mnyama vilivyopata kuwepo, na vipi mtu aishi navyo. Sisi itikadi yetu ni Tawhid na hatuchanganyi. Hata hivyo uadilifu unatutaka tuieleze imani ya watu kama wao wenyewe wanavyoielewa. Ukilijua hilo utafahamu kwamba kumuondoa mwenyeji katika ardhi yake ilikuwa ni kumtoa katika ibada yake, ukoo wake na makaburi ya wazee wake kwa pigo moja.

Alipozaliwa William, kondoo wa walowezi walikuwa wameshajaa kandokando ya mto kwa kiasi cha miaka 20. Chakula cha asili kilikuwa kimepungua, na watu wenyewe walikuwa wamepungua zaidi. Angali kijana mdogo alitumikishwa na tajiri mmoja mwanasiasa, akiendesha gari la farasi.

Mwaka 1874 mmisionari aitwaye Daniel Matthews alifungua kituo cha Maloga kando ya mto, na Kitty akahamia pale na watoto wake. Misheni ile ilikuwa na sura mbili. Ilikuwa kimbilio la watu waliokuwa wakifa njaa na wanawake waliokuwa wakidhalilishwa na vibarua wa mashamba. Wakati huohuo mila na ibada za wazee hazikutakiwa humo. William alishika kusoma kwa haraka, na mwaka 1884, akiwa mtu mzima, aliingia Ukristo. Alibaki na imani hiyo hadi kufa, na hatuna haja ya kulificha hilo.

Hapo Maloga alikuwepo mwalimu ambaye habari yake inatugusa sisi watu wa Bahari ya Hindi. Aliitwa Thomas Shadrach James, mzaliwa wa kisiwa cha Mauritius mwenye asili ya Kihindi. Aliwasomesha watoto mchana, na watu wazima akawapa masomo yao jioni, naye akaoa dada yake William. Katika skuli yake walitoka watu walioongoza harakati za kudai haki kwa miaka mingi. Mmoja wao, Doug Nicholls, mwaka 1976 alikuja kuwa gavana wa jimbo la South Australia, mwenyeji wa kwanza wa asili kushika cheo hicho. Mwalimu mmoja wa skuli ya kijijini anaweza kufanya makubwa namna hiyo, na hili tunawakumbusha walimu wetu wa madrasa wanaodhani kazi yao haionekani.

Ardhi iliyotolewa kisha ikachukuliwa

Mwaka 1881 wanaume 42 wa Maloga walitia saini ombi kwa gavana wa New South Wales. Waliomba sehemu ya ardhi yao wenyewe walime na wafuge, ili wajitegemee badala ya kupewa sadaka. Serikali ilitenga eneo, na mwaka 1888 watu wengi wakahamia huko, mahali palipoitwa Cumeroogunja. Walikata miti, wakalima ngano, wakajenga nyumba, skuli na kanisa. Baadhi ya familia zilipewa viwanja vyao vya kulima.

Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanja hivyo vikanyang'anywa. Bodi iliyowekwa na serikali kwa jina la kuwalinda wenyeji ilichukua mamlaka juu ya kila kitu, ikawa yenyewe ndiyo yenye kusema nani akae na nani afukuzwe. Sheria ya mwaka 1915 iliipa bodi hiyo uwezo wa kumchukua mtoto kutoka kwa wazazi wake bila ya kwenda mahakamani. Wasichana walipelekwa katika nyumba ya mafunzo ya Cootamundra, wakafunzwa utumishi wa ndani, kisha wakagawiwa kwa familia za kizungu. Tunawaomba wazazi wanaotusoma wasipite haraka juu ya jambo hili. Mama anaamka asubuhi ana mtoto, na jioni hana, na hana hakimu wa kumlalamikia. Serikali ya Australia haikuomba radhi rasmi kwa dhulma hiyo hadi Februari 2008.

Miaka hiyo yote William Cooper alikuwa mtu wa kazi za mikono. Alikata manyoya ya kondoo, akaswaga mifugo masafa marefu, akafunza farasi. Alijiunga na chama cha wafanyakazi na akawa msemaji wa wenzake. Alioa mara tatu, wake wawili wa mwanzo wakatangulia kufa. Mwanawe Daniel alikwenda kupigana upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akauawa Ubelgiji mwaka 1917. Mtoto aliifia dola ambayo baba yake aliyebaki nyumbani ilikuwa haimtambui kuwa raia kamili.

Uzee usiokuwa wa mapumziko

Miaka ya ukame na ya mdororo wa uchumi ilipokuja, wenyeji wengi walinyimwa misaada waliyopewa watu wengine. Aliyekuwa akiishi katika hifadhi ya serikali hakustahiki hata pensheni ya wazee. Mwaka 1933 Mzee Cooper, umri wake ukiwa umeshapindukia miaka 70, aliihama Cumeroogunja akaenda kuishi Footscray, mtaa wa wafanyakazi katika mji wa Melbourne, ili apate pensheni hiyo. Mwengine angeridhika na kitanda na chai yake. Yeye alianza kazi kubwa ya umri wake.

Aliandika barua kwa mawaziri, wabunge, magazeti na makanisa. Hakuwa na ofisi wala mfuko wa fedha. Mwaka 1936 jumuiya aliyoiunda na wenzake, iliyojulikana kama Australian Aborigines' League, ilisimama rasmi, naye akawa katibu wake. Jumuiya hiyo iliongozwa na wenyeji wenyewe. Kabla ya hapo waliokuwa wakizungumza kwa niaba yao mara nyingi walikuwa wazungu wenye huruma.

Jambo lililomshughulisha zaidi lilikuwa waraka wa maombi kwa Mfalme wa Uingereza. Aliona kuwa Mfalme ndiye ambaye kwa jina lake nchi ilichukuliwa, basi ndiye wa kuulizwa. Waraka uliomba mambo matatu: watu wake wazuiliwe kuangamia, hali zao za maisha zitengenezwe, na wawe na mwakilishi katika bunge la nchi. Kwa miaka kadhaa alikusanya saini kutoka kila upande wa bara lile kubwa, katika hifadhi ambazo mara nyingi wasimamizi wake hawakupenda kuona karatasi kama hizo. Zilipatikana saini 1,814.

Mwaka 1937 aliikabidhi serikali ya Australia waraka huo ili iupeleke London. Mwaka 1938 baraza la mawaziri liliamua kwamba hakuna faida ya kuupeleka. Mfalme hakuuona. Jasho la miaka mingi la mzee yule liliishia katika makabati ya serikali.

Mwaka 1938

Mwaka huohuo Australia ilikuwa ikisherehekea kutimia miaka 150 tangu jahazi za Waingereza kufika. Mzee Cooper na wenzake, pamoja na jumuiya ya New South Wales iliyoongozwa na William Ferguson na Jack Patten, waliona kwamba siku ya furaha ya mmoja ni siku ya msiba wa mwengine. Tarehe 26 Januari 1938, gwaride likipita katika njia za Sydney, wao walikutana ukumbini wakiwa kiasi cha watu 100, wakaitangaza kuwa Siku ya Maombolezo. Walidai uraia kamili na usawa mbele ya sheria. Hawakuvunja kitu wala hawakumpiga mtu. Siku chache baadaye ujumbe wao ulikutana na waziri mkuu, ukamsomea madai yao, ukarudi mikono mitupu.

Mwezi wa Novemba mwaka huo zikafika habari kutoka Ujerumani. Utawala wa Hitler uliwaachia watu wake wavunje maduka na nyumba za Mayahudi, wachome mahekalu yao, wawapige na wawaue, na maelfu wakachukuliwa na kufungwa kambini. Tarehe 6 Disemba 1938 Mzee Cooper na ujumbe wa jumuiya yake walikwenda katika ubalozi mdogo wa Ujerumani mjini Melbourne wakiwa na barua ya kulaani mateso hayo. Mlango haukufunguliwa kwao na barua haikupokelewa.

Tuitazame hali ya watu wale siku hiyo. Watoto wao walikuwa wakichukuliwa, ardhi yao imekwenda, waraka wao umekataliwa miezi michache tu nyuma. Wangeweza kusema kwamba yao yanawatosha. Lakini mtu aliyeonja dhulma kikweli huijua anapoiona, hata ikiwa imemuangukia mtu asiyemjua, wa rangi nyengine na dini nyengine.

Mwisho wake, na yaliyofuata

Februari 1939 wakaazi wa Cumeroogunja, kati ya 150 na 200, walichoshwa na chakula kibovu na maonevu ya msimamizi wao. Walivuka mto wakaingia jimbo la Victoria, wakapiga kambi huko kwa miezi kadhaa. Mzee Cooper, akiwa karibu na miaka 80, aliwaandikia wakubwa kuwaombea, na hakusikilizwa. Afya yake ilikuwa imedhoofika. Alirudi katika nchi ya mto wake, akafariki tarehe 29 Machi 1941 huko Mooroopna. Alizikwa Cumeroogunja.

Alikufa bila ya kuona hata moja katika makubwa aliyoyaomba. Lakini mwaka 1967, katika kura ya maoni ya nchi nzima, zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura waliridhia kuondoa katika katiba maneno yaliyowatenga wenyeji wa asili. Mwaka 1992 mahakama kuu iliitupa dhana ya kwamba nchi ile haikuwa na mwenyewe. Mwaka 2014 mjukuu wake aliiwasilisha nakala ya waraka ule ili hatimaye imfikie Malkia. Na mwaka 2018 jimbo moja la uchaguzi la Melbourne, lililokuwa na jina la mlowezi John Batman, lilibadilishwa likaitwa Cooper.

Yasidhaniwe hata hivyo kwamba mambo yalikwisha vizuri. Watu wa Yorta Yorta walipokwenda mahakamani kudai haki ya ardhi yao ya asili, mwaka 1998 jaji aliwakatalia, na mwaka 2002 mahakama kuu nayo ikaikataa rufaa yao. Miongoni mwa hoja za jaji yule ilikuwa ombi la mwaka 1881, lile la wanaume 42. Kwa kuwa wazee wale walieleza ndani yake namna ardhi na riziki yao ya asili ilivyochukuliwa, na wakaomba ardhi ya kulima, basi ikahesabiwa kuwa wenyewe wamekiri kwamba mila zao zilikwishakatika. Waliomba kwa sababu wamedhulumiwa, na ombi lao likageuzwa ushahidi dhidi ya wajukuu zao. Anayetaka kujua ukoloni unafanya nini hata baada ya wakoloni wa mwanzo kufa, na aizingatie hukumu hiyo.

Jawabu kwa mzazi wetu

Sasa turudi kwenye swali. Je, inafaa kumtaja kwa wema mtu asiyekuwa Muislamu? Jawabu ni ndiyo, katika lile alilofanya la uadilifu, bila ya kuisifia itikadi yake wala kumuombea yasiyoruhusiwa na sheria. Hisabu yake iko kwa Mola wake. Mtume wetu (S.A.W.) alimsifu Najashi kwa uadilifu wake, na akawapeleka Masahaba zake wakapate hifadhi kwake, wakati huo akiwa mfalme wa Kikristo. Vilevile, kabla ya kupewa utume, alishuhudia makubaliano ya Makureshi katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an ya kumsaidia kila aliyedhulumiwa, wa Makka au mgeni. Baada ya Uislamu kuja hakuyakana. Alieleza kwamba angeitwa tena kwa jambo kama lile angeitika.

Na je, kuwatetea Mayahudi? Wafasiri wengi wameeleza kwamba aya za Suratun Nisaa kuanzia ya 105 ziliteremka pale mtu aliyejinasibisha na Uislamu huko Madina alipoiba deraya na kumsingizia Myahudi. Jamaa zake walitaka kumkinga mtu wao, na wahyi ukaja kumsafisha Myahudi yule asiyekuwa na kosa. Na katika Suratul Maida, aya ya 8, Allah anatukataza chuki yetu kwa watu isitupeleke kutowafanyia uadilifu. Dhulma wanayofanyiwa ndugu zetu wa Palestina leo inatuumiza, na ni wajibu wetu kuisema. Lakini haiifuti dhulma iliyofanywa Ujerumani mwaka 1938, kama vile ile ya 1938 isivyoihalalisha ya leo. Mwenye kuipima dhulma kwa jina la aliyedhulumiwa hajaichukia dhulma bado. Anachowapenda ni watu wake tu.

Basi tuwasomeshe watoto wetu habari hizi. Wajue kwamba kuandika barua ya haki ikakataliwa si kushindwa, kwani mja anaulizwa juhudi yake na haulizwi matokeo. Wajue kwamba dua ya aliyedhulumiwa haina pazia mbele ya Allah, hata akiwa asiyekuwa Muislamu kama walivyobainisha wanazuoni. Na kila mmoja wetu ajiangalie nyumbani kwake. Kuna mtumishi ambaye mshahara wake umecheleweshwa, mjane ambaye kiwanja chake kinazungukwa na jamaa, yatima ambaye mirathi yake haijagaiwa. Kabla ya kulia na wakoloni wa Australia, tuhakikishe hakuna mnyonge aliyesimama mlangoni kwetu na karatasi yake mkononi, nasi tumekataa kuipokea.

Tunamuomba Allah atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa, atujaalie tuwe wenye kusimama na haki popote ilipo, na awaongoze watoto wetu katika njia iliyonyooka. Amin.

Wallahu A'lam. Wabillahi tawfiq.